Nilicheka ku kilio wakanifinya, nikalia mu korali wakanishusha. Biblia inasema nini?

alto_wa_majengo (Goma)

Bwana asifiwe bandugu. Niko Goma, Majengo, naimbaka alto mu korali ya kanisa letu tangu niko na miaka 17. Jina ya kanisa sitaitaja juu sipendi maneno, na mwenye atanijua humu anyamaze tu tafazali.

Mama yangu alifariki mwezi wa sita. Alikuwa anauzisha sambaza (samaki ndogo za ziwa) ku soko ya Kituku, miaka mingi, batu ba kule bote balimujua. Hakugonjwa mingi, siku ine tu, presha. Tukafanya kilio nyumbani, tukatandika bashi, viti vya plastike tukaazima, bamama ba kanisa bakakuja kulala na sisi chini. Usiku wa pili, karibu saa nane, bamama bamechoka kuimba, kila mutu ananyamaza, binamu yangu akaanza kueleza vile mama alikimbia volkano mwezi wa kwanza 2002. Batu bote bako nabeba matela, bako nabeba bidoni, yeye akatosha sufuria ya maharagi ku makala ikiwa moto, akaitia ku kichwa, akaenda nayo mpaka Gisenyi. Kufika kule akaifungua akaanza kugawia batu wenye hata hajui majina yao. Sisi batoto yake tuko nyuma tunalia njaa, tukamufikia, akatuangalia hivi akasema "nyinyi mungoje kwanza, hawa ni bageni". Bageni! Mama, sisi bote tumefika sasa hivi, sisi bote tumekimbia moto moja! Bageni wako wapi hapo?

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka nikaangukia mama mwenye alikuwa pembeni. Na shangazi yangu akanifinya ku mukono, alama ilibaki siku tatu, akaniambia kwa sauti ya chini "unacheka na mwili ya mama yako iko pale?"

Sawa. Nikanyamaza. Tukazika.

Nyuma ya yenga (juma) tatu nikarudi mu korali. Siku ile tuliimba wimbo mwenye mama alikuwa anaimbaka akiosha vyombo, mimi sikujua kama utapangwa. Ubeti wa pili sauti ikakatika nikalia, na siyo kulia kidogo. Prezida wa korali akanionyesha na mukono nishuke. Kisha ibada wakaniita, banasema Biblia imeandika furahini siku zote, batu wanakuja kanisani kutafuta furaha, mimi nawaletea matanga mbele ya mikro, kwa hiyo niko na roho ya huzuni, inaomba nifanye siku tatu za maombi ya kufunguliwa ndipo nivae tena iniforme. Iniforme nikairudisha.

Sasa swali yangu njo hii. Kucheka ku kilio ni zambi? Kulia mu ibada ni zambi? Ama nilikosea tu saa, nikaweka kicheko mahali pa machozi na machozi mahali pa kicheko?

---

deo_wa_moto (Goma)

Pole sana dada yangu. Mimi si mutu wa Biblia mingi, niko dereva wa moto (pikipiki), lakini naikumbuka ile ya binti wa Yairo, Marko 5. Yesu amefika ku kilio, batu banalia na kupiga kelele, akasema mutoto hajafa amelala tu, bakamucheka sana. Dakika moja nyuma bako nalia! Kwa hiyo kicheko ku kilio kilikuwako tangu zamani. Ile yao tu njo ilikuwa mubaya. Yako ya maharagi ni ingine kabisa.

---

MamaNdosho (Goma)

Binti yangu, pole, mama yako apumzike. Nitakuambia kama mama, usikasirike.

Mimi nimezika batoto wawili, kwa hiyo hakuna mutu wa kuniambia sijui kilio. Na minasema huzuni ukiiachia mulango wazi inaingia inakaa ku kiti. Niko na jirani, sitasema wapi, bwana yake alikufa, akalala ku mukeka mwaka muzima. Mwaka! Batoto beko naomba chakula kwa bajirani, mukubwa akaacha masomo, na ukienda kumuamsha anasema niacheni nilie. Ile ni huzuni ya Mungu? Daudi mutoto wake alipokuwa anagonjwa alifunga akalala chini, lakini siku ya saba mutoto alipokufa akaamuka, akaoga, akajipaka mafuta, akabadilisha nguo, akaenda kuabudu, akakula. 2 Samweli 12. Watumishi wake wakashangaa. Akawaambia mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi. Ile njo imani.

Na Nehemia 8, watu wote wanalia, Nehemia anawaambia wala msihuzunike, kwa kuwa furaha ya Bwana ni nguvu zenu. Na Isaya 61:3, vazi la sifa badala ya roho nzito. Roho nzito, binti. Imeandikwa. Na Bwana Yesu mwenyewe alimuambia mujane wa Naini "usilie".

Prezida wako wa korali alikosea njia, kumushusha mutu mbele ya kanisa nzima ni aibu, hata mimi ningekasirika. Lakini neno alisema si la uongo. Furaha ni amri. Hatungojei mpaka tuisikie ndani, tunaanza kuimba, nayo inakuja nyuma. Mimi njo vile niliponaka. Nilikuwa naimba na kinywa peke yake miezi mingi, moyo uko ku kaburi, siku moja moyo ukafika.

---

fundi_wa_mbao (Goma, Katindo)

Mama Ndosho nakuheshimu, na ile ya kuimba na kinywa mpaka moyo ufike imenigusa, sitaisahau. Lakini hapo kwa mujane wa Naini nakataa. Yesu alisema usilie na akamurudishia mutoto wake. Mwenye kusema usilie na hana kitu ya kurudisha, heri anyamaze, atafute kiti akae.

Mimi natengenezaka vitanda na masanduku. Mbao ni zile zile, meza ya kazi ni ile ile, asubuhi napiga randa kitanda ya arusi, jioni sanduku. Batu ba kitanda wanashindana bei mpaka jua linazama, wanaenda wanarudi, wanasema fulani anafanya na bei ya chini. Batu ba sanduku hawashindani. Unataja bei wanalipa, wanaangalia chini. Njo maana nilijiwekea sheria ile bei nisiipandishe hata kama mbao zimepanda, juu mutu mwenye hawezi kushindana si mutu wa kumufanyia biashara. Vita ya mwezi wa kwanza na wa pili 2025 hapa Goma sitaki kueleza. Kuna baba mumoja alikuja bila vipimo, nikamuuliza mutoto ana urefu gani, akanyoosha mikono vile alikuwa anamubebaka. Nilichukua mita nikapima mikono yake. Nikatengeneza.

Alingoja pale pale ku karakana, sikumuambia kitu, nilimupa tu kiti. Nyuma ya saa moja hivi akaanza kunieleza vile yule mutoto alikuwa anaiba sukari, anaificha mu soksi, soksi inajaa siafu. Akacheka. Mimi nikacheka pia, randa mukononi. Kisha akalia. Hakuna mwenye alimufinya.

Na juu ya roho ya huzuni, niko na swali moja tu kwa wakubwa wa korali. Usiku wa Getsemane Yesu aliwaambia Petro, Yakobo na Yohana "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa". Marko 14:34. Walipaswa kumufanyia siku tatu za maombi ya kufunguliwa? Aliwaomba kitu kimoja, wakeshe naye. Wakalala.

---

alto_wa_majengo

Fundi nimesoma ya soksi nikacheka halafu nikalia hapa ndani ya basi, kijana wa pembeni akaniuliza kama nimeibiwa telefoni.

Mama Ndosho sikukasirika, asante mama. Lakini mimi sikulala ku mukeka. Naamuka, naenda kazi, batoto banakula. Nililia dakika tano tu ndani ya wimbo moja.

---

fratri_bkv (Bukavu)

Tumsifu Yesu Kristo. Dada pole kwa msiba. Niko mseminari, nasoma tewolojia, kwa hiyo mnisamehe nikirefusha, ni ugonjwa wetu.

Tuanze na furahini siku zote. Iko 1 Wathesalonike 5:16, kweli kabisa. Ila barua ile haikuanzia pale. Rudi nyuma kidogo, 4:13, utaona Paulo anaandikia watu waliofiwa, wanamuuliza wafu wetu wataenda wapi, na yeye anawajibu "msihuzunike kama na wengine wasio na matumaini". Angetaka kusema msihuzunike angeishia pale pale. Hakuishia. Anachowakataza ni kuhuzunika kwa namna fulani, namna ya mtu aliyefunga mlango na kutupa ufunguo. Na Wafilipi, ile barua ya "Furahini katika Bwana siku zote, tena nasema, Furahini", aliiandika akiwa kifungoni, na ndani yake, 2:27, anasema Epafrodito aligonjwa karibu kufa lakini Mungu akamhurumia, ili yeye Paulo asipate huzuni juu ya huzuni. Juu ya huzuni! Maana yake ya kwanza alikuwa nayo tayari, anaibeba, na anaandika furahini akiwa nayo. Sura inayofuata anasema anaandika akilia. Mtu wa namna hiyo angeimba mu korali yenu wangemshusha.

Kwa Lazaro, Yohana 11, kuna kitu ambacho Kiswahili hakionyeshi. Mariamu na watu waliokuja naye wanalia kwa neno la Kigiriki la kulia kwa sauti, kama kilio cha kwetu. Yesu, 11:35, ni neno lingine, machozi yanashuka tu. Nimesikia wahubiri wakitumia hiyo kusema eti mkristo alie kimya. Hapana, Luka 19:41 anaililia Yerusalemu na pale neno ni lile la sauti. Alijua kulia kwote kuwili. Na kabla ya machozi, 11:33, pale tunasoma akaugua rohoni, neno la Kigiriki lina hasira ndani yake, kama mtu anayekemea. Alikuwa amekasirikia kifo. Na jambo ambalo mimi binafsi linanisumbua kila mara nikilisoma: alijua kabisa kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatoka kaburini. Alijua, na akalia. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mwenye imani ya ufufuko halii.

Mama Ndosho, Isaya 61 umeisoma vizuri lakini angalia mwanzo wake. Yule mtumwa wa Bwana ametumwa kwa nani? Kuwafariji wote waliao. Mafuta ya furaha na vazi la sifa wanapewa hao hao wanaolia katika Sayuni. Wanavikwa wakiwa wanalia. Hakuna aliyeambiwa nenda ukajivike kwanza ndipo urudi. Na Nehemia 8 nayo, soma sentensi nzima tafadhali, maana sisi tunapenda kuikata: mle kilichonona, mkanywe kilicho kitamu, tena mpelekeeni sehemu yeye asiyewekewa kitu. Furaha ya Bwana pale ina sahani ndani yake. Inapelekwa nyumba ya jirani. (Nilipofika hapo nilikumbuka sufuria ya mama yako, sitasema zaidi.)

Sasa dada, swali lako la saa. Fungua Ezra sura ya 3, mwisho wa sura. Hekalu la Sulemani lilibomolewa mwaka 586 kabla ya Kristo, watu wakapelekwa Babeli, na karibu miaka 50 baadaye wamerudi wanaweka msingi mpya. Makuhani na tarumbeta, Walawi na matoazi, wimbo umepangwa, ni korali rasmi kabisa, siku ya sherehe. Na wazee waliokuwa wameiona nyumba ya kwanza, msingi ulipowekwa mbele ya macho yao, wakalia kwa sauti kuu. Mtu aliyeiona akiwa kijana wa miaka 15 alikuwa na 65 siku ile. Wengine wakapiga kelele za furaha. Na imeandikwa watu hawakuweza kupambanua sauti ya kelele za furaha na sauti ya kilio cha watu, na sauti ikasikiwa mbali sana.

Nyinyi watu wa Goma mnaielewa hii kuliko sisi wa Bukavu. Lava ya 2002 ilibomoa kanisa kuu lenu la Mtakatifu Yosefu, na nyumba ngapi, na leo watu wanajenga kuta kwa mawe ya lava ile ile iliyowafukuza. Mzee akiingia mahali papya akalia, mjukuu wake anapiga makofi, nani amekosea?

Wala kitabu cha Ezra hakisemi kuna mtu aliyeshushwa. Aliyeandika hakusema wazee walikosa imani, hakusema vijana walikosa adabu. Aliandika tu kwamba haikuwezekana kutenganisha.

Na kama kuna mtu anafikiri Biblia inaona haya kulia, kuna kitabu kizima kinaitwa Maombolezo, sura tano, na sura 1, 2 na 4 zimepangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, kila aya na herufi yake, yaani wamelia kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho bila kuruka. Yale maneno mazuri tunayoyaimba, rehema zake ni mpya kila siku asubuhi, yako katikati, sura ya 3. Hayako mwisho. Nyuma yake kilio kinarudi, na kitabu kinaisha bila jibu. Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani. Iko ndani ya kitabu cha nyimbo cha hekalu, iliimbwa, na mwimbaji alishuka kwa miguu yake mwenyewe.

---

hesabu_lushi (Lubumbashi)

Jambo yenu bote. Fratri amemaliza lakini mi niko mwalimu wa esabu, kuna esabu moja hakuna mwenye ameifanya.

Isaka, jina yake maana yake ni anacheka. Mama yake Sara alimuzala na miaka 90, Mwanzo 17:17 inasema vile. Sara alikufa na miaka 127, Mwanzo 23:1. 127 tosha 90 inabaki 37. Isaka alioa Rebeka na miaka 40, Mwanzo 25:20. Na siku ile ya kuoa njo Biblia inasema, 24:67, alimuingiza mu hema ya Sara mama yake, akafarijika kisha kufa kwa mama yake. 40 tosha 37 ni tatu. Miaka tatu! Muntu mwenye anaitwa Kicheko alilia mama yake miaka tatu ndipo akafarijika, na Mungu wa Ibrahimu na wa Isaka hakuona haya kuitwa na jina yake. Dada, korali yako ilikupatia yenga tatu. Nimeandikia banafunzi bangu ubaoni wakashangaa.

Ya kucheka sasa. Huku kwetu kuko batani. Kama muko na kilio na kabila ya batani iko, bale bantu banakuja kufanya fujo yao: mumoja analala mu njia mbele ya sanduku anasema hapiti muntu mpaka mulipe, mwingine anavaa kofia ya marehemu anatembea sawa yeye, anakohoa sawa yeye, na bajane banacheka na machozi iko napita ku mashavu. Hakuna mwenye anaona ni zambi. Bapasta bamoja bamejaribu kukataza, na nabaelewa, juu kuna batani benye banazidisha, banakunywa, banatukana, banalazimisha franga. Mi mwenyewe nilipigana na mumoja. Lakini bazee ba zamani balijua kama kilio ya kulia tu inaua bazima.

Ya mwisho. Mama mukubwa yangu, mwenye alinilea, alikufa Bukavu mwezi wa tatu 2025. Ndege haikuwa inashuka Kavumu, kiwanja ya ndege ya Bukavu, kuzunguka na inchi zingine tiketi ilinishinda. Nililia ku telefoni. Mudogo yangu alikuwa anashika telefoni juu ya kaburi, naona udongo, mega (bando ya internet) inakatika, picha inasimama, inarudi, naona bantu banaondoka. Njo mazishi yangu ile. Saa ile hakuna mwenye alinifinya na hakuna mwenye alicheka na mi. Ulipoandika shangazi alikufinya, mi nilikuonea wivu kidogo. Ulikuwa na shangazi pembeni.

---

MamaNdosho

Mwalimu, pole sana kwa mama mukubwa.

Fratri nimefungua Nehemia nikaisoma yote. Ni kweli ile ya kupeleka sahani nilikuwa naipita mbio. Lakini na wewe usipite mbio ile ya Daudi. Kuna saa mutu anapaswa kuamuka. Nani atamuambia jirani yangu aamuke kama sisi bote tunamuambia lia tu ni sawa, Yakobo pia alikataa kufarijiwa? Wapole kama nyinyi hamumusaidii. Mutu mumoja lazima awe mukali.

Fundi, kiti nimeikubali.

---

fratri_bkv

Mama, hapo sina jibu zuri. Daudi huyu huyu kwa Absalomu alilia mpaka Yoabu akamwendea akamkemea, 2 Samweli 19, akamwambia inuka utoke uongee na watu wako, na Daudi akainuka akakaa langoni. Na Yoabu ndiye aliyemuua Absalomu. Kwa hiyo ndiyo, kuna kukemea kunakosaidia, na aliyekemea alikuwa mtu mbaya wa kulifanya. Labda jirani anahitaji mtu wa kwenda kumwamsha kila asubuhi akiwa na chai mkononi. Mkali, lakini na chai.

---

deo_wa_moto

Na chai iwe na sukari, siyo ya mu soksi 😂 (samahani fundi)

---

fundi_wa_mbao

😂 hakuna shida. Yule baba angecheka pia.

---

alto_wa_majengo

Nimerudi, siku tano sikuwa na mega.

Maombi ya siku tatu sikuenda. Iniforme bado iko kwao, sijui nitairudia ama hapana, naenda tu naketi nyuma na bamama, naimba alto yangu pale pale. Ile ya kusema niliwasamehe bote mara moja siwezi, ningedanganya.

Jumamosi nilishuka Kituku. Tangu kilio sikuwa nimefika. Bamama ba sambaza mahali pa mama wamepaacha wazi, hakuna mwenye amepanga beseni pale, miezi yote, na mahali kule wanapigania. Wakaniketisha. Wakaanza, kila mutu na yake: vile alikuwa anapimia bana masikini anajaza kopo halafu anaongeza na mukono, halafu anageuka analaumu kopo kama ni ndogo. Vile alilala siku moja juu ya beseni akaamuka na samaki ku shavu. Tulicheka, na tulilia, mwalimu usiniulize esabu ya ile na ile.

Halafu jana jioni shangazi akanipigia. Yule wa kufinya. Hakuuliza hali. Akasema "ile sufuria ya maharagi, ilikuwa na mikono miwili ama moja?" Nikasema moja, ule mwingine ulikatika zamani. Akanyamaza. Nikafikiri mayunite imeisha. Kisha nikasikia anacheka, kicheko kile kinaanza chini kama kikohozi, na katikati kikageuka, sijui saa gani.

Akasema ile sufuria ni yake. Mama aliiazima mwezi wa kumi na mbili 2001 na hakumurudishiaka.

Sasa anaitaka. Kesho nampelekea.